Filimbi Niliyoipuliza Saa Nane

Musoma,
Jumatano jioni.

Mwalimu Magesa,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu utaijua ukinisoma mpaka mwisho, kwa hiyo tuziruke salamu. Nimekaa jikoni kwangu, mlango nimeutia komeo ingawa jua bado liko juu ya ziwa. Mbele yangu kuna karatasi iliyopigwa chapa ofisini. Inasema kwamba Wegesa, mwanachuo wa mwaka wa pili, alikufa maji kwa sababu aliiacha njia aliyoelekezwa na mkufunzi wake wa kuogelea. Mkufunzi huyo ni mimi. Wanaitaka karatasi Ijumaa asubuhi, ikiwa na sahihi yangu.

Wegesa hakuacha njia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote.

Nakuandikia wewe kwa sababu aliye hai nikimwambia haya ataniambia nitulie. Na pia nina ugomvi na wewe. Miaka mitano sasa tangu tukuzike, kila nikikutaja nakusifu tu, kama ilivyo kawaida kwa marehemu. Leo nitakulaumu kidogo. Univumilie, ulikuwa na kifua cha kuvumilia.

Nilikuja chuoni kutoka mashambani Butiama, maji ninayoyajua ni ya kisima na ya mvua. Tulikuwa thelathini, wasichana tisa. Ukatupanga ufukweni, wengine na kaptula, sisi na kanga zetu, tukangoja utuambie tuingie. Wewe ukatuambia tukae kitako kwenye maji ya kina kifupi, tumelipa ziwa mgongo, tuangalie nchi kavu. "Tazameni kwanza mnakorudi," ulisema. Mwezi mzima tulikaa hivyo! Kijana mmoja wa Tarime akalalamika kwamba yeye amekuja kusomea ualimu, hakuja kulowekwa kama maharage. Ukacheka mpaka ukashika magoti. "Loweka tu, ndiyo unaivaga haraka," ulimjibu, na jina la Maharage likamkaa mpaka siku ya kuhitimu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwoga kuliko wote. Ulilijua hilo bila kuambiwa. Siku moja ukaniita pembeni, ukaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya nyumbani: "Nyangeta, hata mimi nilikuwaga naogopa. Mpaka leo naogopa. Siku nikiacha kuogopa, nitaacha kufundisha." Nikashangaa, maana wewe ni mtoto wa Mugango, umezaliwa mitumbwi ikiwa mlangoni. Ukasema watu wa bara huliogopa ziwa kwa sababu hawalijui, na ninyi wa Mugango mnaliogopa kwa sababu mnayajua majina ya waliobaki humo. Tangu siku hiyo nilikuamini kwa kila kitu.

Watu hawajui kazi uliyoifanya pale. Ulifundisha askari kuvuka mito, kisha ukaletwa chuoni kufundisha elimu ya viungo, ukakaa miaka ishirini kwenye ghuba ile ile. Hapakuwa na bwawa la kuogelea wala nguo za kuogelea. Ulikuwa na kamba ya katani na madumu matupu ya mafuta yaliyoelea kama boya. Na ulikuwa na jozi zako.

Jozi ndizo zilizokuwa akili yako yote. Kila mtu alipewa mwenzake, mwenye nguvu na mnyonge, na jozi ilidumu miaka miwili. Mlikula pamoja, mkapanga foleni ya uji pamoja, na mmoja akiwa na homa mwingine haingii majini siku hiyo hata akilia. Ukipiga makofi mawili, kila jozi inashikana mikono na kuinyanyua juu. Ulihesabu mikono iliyoshikana. Mkono mmoja ukiinuka peke yake, vidole vimeachana, maana yake mwenzangu hayupo ubavuni, na hapo kila mtu alijua la kufanya. Wewe mwenyewe hukukaa ufukweni hata siku moja. Ulikuwa majini, nyuma kabisa, na yule wa mwisho. Tulipojisifu kwamba fulani ana kasi ulikunja uso. "Msinionyeshe wa kwanza. Nionyesheni wa mwisho yuko wapi." Wakaguzi walikuja na fomu yenye nafasi ya kuandika washindi, na wewe mwaka baada ya mwaka uliandika pale maneno mawili: wote wamerudi.

Halafu ikaja ile miaka ya foleni. Kipande cha sabuni watu wanne, uji bila sukari, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, asubuhi na jioni. Magunia ya unga ule ndiyo tuliyoshonea kaptula za kuogelea, na mimi nilimaliza chuo nikiwa na maandishi ya Kizungu makalioni ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Tulicheka sana. Ukiniuliza lini nilikuwa na raha katika maisha yangu, nitakuambia ni miaka ile ambayo hatukuwa na kitu.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo, Mwalimu. Kila mwaka wakubwa walikuja na wazo lile lile: kwenye sikukuu, vijana washindane kuogelea kutoka kwenye miamba mpaka ufukweni, wananchi waone. Hukukataa kamwe. Ulisema, "Ndiyo mzee, wazo zuri sana." Kisha ukaeleza kwa huzuni kwamba lazima pawe na boti ya kuwafuata, na boti hamna. Mwaka uliofuata boti ikapatikana, petroli hamna. Mwaka mwingine petroli ikapatikana, nawe ukasema mwogeleaji hawezi kuingia kwenye shindano na tumbo la uji mweupe, na nyama hamna. Ukarudi kwetu unachezesha funguo mfukoni, unatabasamu. "Shida nayo inasaidiaga," uliniambia. Nilikuwa msaidizi wako kwa miaka saba na nilikuona ukifanya hivyo miaka yote saba. Nilidhani najifunza hekima. Nilikuwa najifunza kuiachia shida inikatalie mambo, na sikujifunza kukataa kwa kinywa changu mwenyewe.

Najua, hukujua kwamba shida itakwisha. Hakuna aliyejua.

Ulipolazwa na malaria ile, hospitali haikuwa na dripu. Nilizunguka mji mzima kuitafuta, duka kwa duka, mpaka mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza dawa karibu na soko akaitoa chini ya kaunta, akanisukumia mkononi na kuniambia nikimbie. Nilikimbia. Nikafika ukiwa umeshafunikwa. Lakini asubuhi yake ulikuwa umenishika kiganja na kusema, "Usiwaache wakimbizane majini, Nyangeta." Muuguzi alisema ni homa inaongea. Mimi nilijua haikuwa homa.

Tukakuzika Butiama, kwa wajomba zako, juu kule kwenye mawe na ng'ombe, kama ulivyotaka. Wapo waliocheka msibani, eti mwalimu wa kuogelea ameomba kulala pakavu. Mimi sikucheka.

Sasa nikueleze yaliyobadilika. Maduka yamejaa. Sabuni zimepangwa mpaka darini, za rangi ya waridi, na foleni zimekuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Bunda pale barabarani mitumba imetandazwa toka asubuhi, unachagua koti la Ulaya kama unachagua viazi. Wanunuzi wa sangara wanakuja na malori yenye barafu, na wavuvi wa Mugango wanavaa saa. Sitakudanganya, nilifurahi. Sabuni yangu ya kwanza niliinusa njia nzima mpaka nyumbani.

Kisha likaja jani.

Wewe hukuliona, kwa hiyo sijui nikueleze vipi. Mwanzoni kilikuja kichaka kimoja tu kinaelea, kina ua zuri la zambarau. Wasichana wakalichomeka kwenye nywele. Mimi nililitia kwenye glasi, nikaliweka dirishani. Baada ya misimu miwili ya mvua ghuba yako ilikuwa ya kijani. Wanaliita gugu maji. Halina mizizi ardhini, Mwalimu, mizizi inaning'inia tu majini, mirefu na myeusi, na zulia lote linatembea. Alfajiri upepo wa nchi kavu unalisukuma mbali, maji yanabaki meupe kama ulivyoyaacha. Mchana upepo ukigeuka, linarudi. Halina sauti. Unainamisha kichwa kufunga kamba ya kiatu, ukiinua, limekaribia. Linarudi kama ng'ombe wanaorudi zizini, polepole, bila kuswagwa. Chini yake ni giza. Nilizamisha mkono siku moja mpaka kwenye kiwiko na sikuviona vidole vyangu. Mbuzi wawili wa jirani walitoweka pale ufukweni kwa mwezi mmoja, na wavuvi wakasema mamba wamepata nyumba.

Nikahamishia mafunzo asubuhi, kabla ya saa tatu. Tukakata majani kwa mapanga, nikasogeza boya zako. Ofisini sikusema neno, kwa kuogopa watalifuta somo la kuogelea. Hilo ni kosa langu la kwanza, nalo hukunifundisha wewe.

Mkuu wa chuo wa sasa si mtu mbaya. Ana orodha mezani kwake, ya watumishi watakaopunguzwa, kama ilivyo siku hizi kila ofisi, na anataka chuo kionekane. Basi akaja tajiri mmoja wa samaki, mtu mchangamfu, mwenye pete mbili, akasema atadhamini shindano la kuogelea. Kutoka kwenye miamba mpaka ufukweni. Wa kwanza baiskeli, wa pili redio, wa tatu kanga doti mbili. Na mgeni rasmi kutoka mkoani.

Nikasema wazo zuri sana. Nilikusikia wewe kinywani mwangu. Nikaeleza kwa huzuni kwamba boti hamna. Akaleta boti yenye injini. Nikasema petroli. Likaja pipa. Nikasema chakula, akaahidi ng'ombe. Nikasema nguo, na wiki ile ile zikaja nguo za kuogelea kumi na mbili, na suti ya michezo ya bluu yenye mistari, kwa ajili yangu, na filimbi mpya kwenye kamba yake. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kuna shida gani nyingine, Mwalimu?" Nikajitafuta, nikaona sina. Vyote ulivyojifichia nyuma yake vilikuwa vimenunuliwa.

Nikaomba jambo moja, kwamba tuanze saa tatu asubuhi, kwa sababu ya upepo. Akaandika kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Baiskeli wakaitundika mbele ya bwalo. Sitaisahau ile baiskeli. Kabla ya wiki mbili kwisha, jozi ziliacha kula pamoja. Hawakugombana, walihama tu meza, mmoja huku na mwingine kule, na kila mtu akawa anafanya mazoezi yake kwa siri. Wegesa alikuwa mtoto wa wafugaji wa Mugeta, mwoga kama mimi wa zamani, mrefu, mpole, anacheka akiwa ameziba mdomo. Mwenzake alikuwa Mwajuma, binti wa fundi cherehani wa Bunda, mwepesi majini kuliko wanaume. Mwajuma alinifuata darasani, akasimama kwa mguu mmoja kama anavyosimama akiwa na aibu. "Mwalimu, siku hiyo nimsubiri Wegesa?"

Ningemjibu ndiyo, nisingekuwa naandika barua hii. Nilimwambia, "Siku hiyo kila mtu kwa uwezo wake."

Na Wegesa naye akaja, akaniomba ajitoe. Orodha ya shindano ilitaka watu kumi na wawili, naye alikuwa wa kumi na mbili. Nikamshika bega, nikamwambia, "Utafika tu, polepole." Akasema sawa, Mwalimu. Alikuwa mtoto anayesikia.

Jumamosi ile saa tatu tulikuwa tayari wote. Maji yalikuwa safi mpaka unaona mawe ya chini. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Saa nne ngoma zikaanza. Saa tano wakagawa soda. Mimi nilikuwa natazama moshi wa jikoni walikopika pilau. Ulikuwa unalalia ziwani. Saa sita ukasimama wima. Saa sita na kitu ukaanza kuinamia kwetu.

Nikamwendea Mkuu, nikamwambia upepo umegeuka. Akanijibu wala si kwa ukali: "Mwalimu, sherehe haiwezi kuanza bila mgeni rasmi. Dakika kumi tu." Ungekuwepo ungecheka kwa uchungu. Ziwa zima linakuja, sisi tunangoja gari.

Gari lilikuja saa saba na nusu. Hotuba mbili. Kule mbali mstari wa kijani ulikuwa umejitokeza, mgeni asiyejua angedhani ni ukingo wa ziwa. Nikamfuata Mkuu mara ya pili. Alikuwa amesimama na wageni, akaendelea kuwachekea, na bila kugeuza uso akaniambia, "Usituaibishe."

Basi. Hakunitisha kwa orodha, wala hakunipandishia sauti. Hakuna aliyenishika mkono, Mwalimu. Ilikuwa saa nane mchana, watu wote wananitazama, na filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nikaipuliza.

Sikuwa majini. Nilikuwa nimewekewa kiti karibu na mgeni rasmi ili nimwelezee mitindo. Akaniuliza nani anaongoza. Nikamwonyesha wa kwanza. Nikamwonyesha na wa pili, ambaye alikuwa Mwajuma, nikasema huyo ni mwanafunzi wangu mzuri sana. Nilikuwa natabasamu. Kwa dakika kadhaa, nakuapia, nilifurahia kweli shindano lile. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Jani lilikuja kwa upande wa kushoto, likapita katikati ya walio mbele na aliye nyuma. Ndipo nikauona mkono. Mmoja, nyuma kabisa, vidole vimeachana. Mgeni rasmi akasema, "Tazama, yule anatusalimia," akampungia, na jukwaa zima likapiga makofi.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Boti ilikuwa na mpiga picha ndani na injini ilikuwa imesongwa na majani, inakoroma haiendi. Niliogelea na suti ile ya bluu, nzito kama blanketi lililolowa. Nilipofika pale aliponyanyua mkono palikuwa pamefunga, kijani tupu na maua. Nikazama chini yake. Nilifumbua macho na hapakuwa na tofauti na kuyafumba. Nilipapasa. Kila mzizi nilioushika nilidhani ni nywele zake. Nikatoka, nikazama tena, sijui mara ngapi, mpaka wavuvi wakaja na miti mirefu wakanitoa mimi. Mwajuma aliyekuwa ameshafika ufukweni alipogeuka na kuhesabu, alirudi majini akipiga kelele, na wanaume watatu walimshika chini kwenye mchanga. Redio yake iko bwaloni mpaka leo. Hajaenda kuichukua.

Siku ya tatu alfajiri upepo ukalisukuma jani mbali, na ukamwacha yeye kwenye mawe, upande wa kwenda Mugango. Uso wake sitauandika.

Tukampeleka Mugeta. Mkuu akasoma risala, tajiri akatuma sukari na mchele. Mama yake akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, ameambiwa niliruka majini kumtafuta mtoto wake. Alinishukuru, Mwalimu. Nikaitikia! Kisha baba yake akasimama, mtu mwembamba, fimbo ya kuchungia mkononi, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Mtoto wangu alikuwaga anasikia. Hata mto alikuwaga hauvuki bila kushikwa mkono. Nani alimwambia aingie?" Mimi nilikuwa kati ya akina mama, natazama chini. Kaburi likafukiwa na swali lake likiwa bado pale.

Juzi Mkuu alikuja hapa nyumbani na mkewe, na karatasi hii. Alikaa kwenye kigoda hiki. Alilia, na najua kilio cha kweli nikikiona. Akaniambia ikijulikana vingine, somo la kuogelea litafutwa, na katika ile orodha jina la kwanza litakuwa langu. Akaniambia pia kwamba marehemu hadhuriki na maneno. Nikamwitikia kwa kichwa. Nina miaka arobaini, nina watoto wawili shuleni na mume aliyepunguzwa mwaka jana. Nilikuwa nimeshachukua kalamu.

Jana nikapita bwaloni. Wamebandika tangazo jipya mahali palipokuwa na baiskeli. Tajiri ameguswa na msiba, anataka shindano liwe la kila mwaka, liitwe Kombe la Wegesa. La pili ni Machi. Umbali umeongezwa. Na saa kumi jioni, kutoka kwenye dirisha la darasa, nikawaona wanachuo watano wakifanya mazoezi ghubani, kila mmoja peke yake, mbalimbali, hakuna anayemtazama mwenzake. Nyuma yao mstari wa kijani ulikuwa umeshaanza kusogea. Niliwaita mpaka sauti ikakauka. Mmoja aliniuliza kwa adabu kama nina barua ya ofisi ya kuwazuia.

Kwa hiyo sijaweka sahihi. Nimekaa na karatasi hii toka mchana, na nilichokiona ni kwamba wakishaandika kwamba kosa lilikuwa la Wegesa, maji yatakuwa salama kwa kila mtu atakayesikia maelekezo. Na wao wote wanasikia. Ni watoto wazuri wote.

Nimemaliza kukulaumu. Ulitulinda kwa hila ulizokuwa nazo, na zilitosha kwa zamani zako. Zangu zimeisha, nimebaki na mdomo.

Kesho Alhamisi napanda basi la asubuhi la Bunda, halafu nitatafuta gari la kwenda Mugeta. Nitaipita njia panda ya Butiama na sitashuka kuja kwako, usinihesabie kosa. Nikisimama pale kaburini nitalia, nikilia nitajionea huruma, na nikijionea huruma nitarudi nyumbani. Pumzika huko pakavu, Mwalimu wangu. Nilikupenda kama baba na sikukuambia.

Ninachokuahidi ni hiki. Nitaingia kwa baba yake Wegesa na kabla hawajaniletea maji ya kunywa nitamwomba mama naye aje akae, aliyenishukuru, asikie. Nitamwambia mzee kwamba aliuliza swali msibani na mwenye jibu alikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Aliomba kujitoa, nikamkatalia. Niliujua upepo, nikapuliza filimbi. Atakalonifanyia ni lake. Na kama baada ya hapo atakubali kusafiri na mimi, basi Ijumaa asubuhi, wanapoingoja karatasi ofisini, nitawapelekea yeye.

Mwanafunzi wako,
Nyangeta.